Uzi Mweupe Ndani ya Taji

Nyote mwaniuliza swali lile lile. Hakuna aliyeniuliza kama nilifika salama, wala Houston joto lake likoje. Tangu nirudi, simu haipumziki: "Bi Rukia, hebu twambie, ndani ya lile taji mlikuwa na nini?" Haya. Nakaa kitako niandike mara moja, msome, kisha mniache nishone. Lakini nitaanza mwanzo, maana nikianza na la ndani hamtaelewa kwa nini niliogopa.

Kwa asiyenijua, mie mzaliwa wa Mombasa, Kibokoni. Mchana nafua mashuka katika hoteli moja hapa Euless, Texas, karibu na uwanja wa ndege wa Dallas, na saa zinazobaki nashona kofia za mkono kama alivyonifunza mamangu. Na jambo moja mulishike tangu sasa: kofia haihukumiwi kwa nje. Nje kila mtu aweza kudanganya. Mnunuzi anayejua kazi akipewa kofia, kwanza huigeuza atazame ndani, aone mafundo yamefichwa vipi na uzi umepita wapi. Mamangu alikuwa akinichoma kidole kwa sindano nikimpa kofia kabla sijaigeuza mwenyewe.

Euless: sanduku lisilowekwa chini

Ilikuwa Ijumaa, kiangazi cha mwaka 2018, saa nne za asubuhi. Mlango ukagongwa kwa mguu. Nikafungua nikamkuta Folake, mwenzangu wa kazini, msichana wa Kiyoruba wa miaka kama thelathini, amebeba sanduku la duara lililofungwa kitambaa cheupe, machozi yanamtiririka na hana mkono wa kuyafutia.

"Auntie, wewe washona kofia," akasema. "Niokoe."

Tuliongea Kiingereza, kama kila siku. Nawaandikia hapa kwa lugha yetu.

Nikamwingiza ndani. Mume wangu Salim alikuwa mezani na chai yake. Folake hakukubali kuliweka sanduku sakafuni, wala juu ya meza yenye mikate. Nikatandika mkeka mpya juu ya kochi, ndipo akaliweka, akaanza kueleza huku kwikwi zikimkata.

Mamake mdogo ameolewa na mfalme. Ndiyo, mfalme kweli, wa mji mdogo huko kwao Nigeria. Mfalme na mkewe walikuwa wamekuja Marekani kuwatembelea watu wa mji wao. Walikaa huku kwetu siku chache, na Alhamisi wakaondoka kwenda Houston, gari limejaa watu na mizigo. Kwa kuwa Folake angewafuata Ijumaa na gari lake lilikuwa tupu, mamake mdogo akamkabidhi yeye taji. Jumamosi alasiri mfalme angetoka mbele ya watu wake wa Houston, wengi wao hawajapata kumwona tangu atawazwe. Folake akaliweka taji juu ya kabati la nguo, kwa heshima, liwe juu kuliko vichwa vya watu. Asubuhi alipolivuta, likamponyoka.

Akafungua kitambaa. Lo! Jamani, mie nimeona kofia maishani mwangu, lakini hii ilinifanya nikae chini. Ilikuwa ndefu, imechongoka juu, na hakuna mahali pa kuweka ncha ya kidole bila ya kugusa ushanga. Buluu, nyekundu, njano, nyeupe, chembe ndogo ndogo kama mbegu za ufuta. Mbele kulikuwa na uso wa mtu uliotokeza kwa shanga, na nyuma uso mwingine. Ndege wa shanga wamepanda ubavuni, na mmoja mkubwa amesimama kileleni. Na kuanzia kwenye ukingo wa mbele zilining'inia nyuzi za shanga, nyingi, za kufunika uso wa mvaaji hadi kidevuni. Katikati ya hizo kulikuwa na pengo. Nyuzi tano zilikuwa zimekatika, na shanga zake Folake alikuwa amezikusanya kwa magoti, akazitia kwenye kopo la sukari.

"Ni kofia nzuri, mashallah," nikasema.

"Si kofia! Ni taji. Auntie, usiliite kofia."

Salim akashusha kikombe. "Mfalme, mwanamume mzima, avaa shanga? Tena usoni?"

"Wewe kunywa chai yako," nikamwambia, maana kwetu pwani shanga ni za wanawake, na mahali zinapovaliwa hapazungumzwi mbele ya mgeni.

Folake akanifahamisha. Nyuzi zile ndizo taji lenyewe. Mfalme akishavaa, watu hawaoni uso wa fulani bin fulani. Wanaona wafalme wote waliomtangulia. Bila ya nyuzi hatoki. Na zikiwa na pengo ni kama mtu kutoka na shuka lililopasuka mbele. "Kesho asipotoka, sababu ni mimi," akasema. "Mama mdogo ana wapwa kumi na wawili. Aliniamini mimi."

Hapo roho ikaniuma. Nikanyoosha mkono nilitazame vizuri, naye akanishika mkono kwa nguvu.

"Nje tazama utakavyo. Ndani hapatazamwi. Atakayetazama ndani atapofuka."

"Sasa nitashonaje?"

"Kwa kupapasa."

Mamangu angefufuka kwa hasira. Lakini muda haukuwepo: taji lilitakiwa Houston jioni ile ile. Nikachukua mkebe wangu wa sindano, uzi wangu mweupe ninaoletewa kutoka nyumbani, mahamri, na chupa ya chai. Salim akasema, "Wewe utapotea kwa udadisi wako." Hakukosea sana.

Barabara ya kusini: masharti ya Folake

Sanduku lilikaa kiti cha nyuma, likafungwa mkanda, nami kando yake. Tulipotoka Dallas masharti yakaanza kuongezeka. Usile ukiliinamia. Usilielekezee nyayo. Usipige chafya upande wake. Tulipofika njia kuu ya Houston, ati tusizime kiyoyozi, litaona joto.

"Haya ya kiyoyozi nayo yametoka kwa mababu?" nikamwuliza.

Akaongeza mwendo. Kumbe mengi alikuwa akiyatunga mwenyewe kwa hofu. Alikuja Marekani na miaka tisa; mambo ya ikulu aliyasikia kwa bibi yake, nusu nusu, huku akitazama katuni. Nilimwuliza ndege wale wana maana gani, hajui. Kwa nini kuna nyuso mbili, hajui. Kwa nini ndani pasitazamwe? "Kwa sababu hapatazamwi, Auntie!" Nami kadiri ninavyokosa jibu ndivyo ninavyowashwa. Nilijaribu kutunga shanga gari likienda, chembe tatu zikarukia kwenye mahamri. Nikaacha.

Kabla ya Corsicana, pu! Gari likayumba. Tairi la nyuma lilikuwa limepasuka, na Folake hana la akiba. Tukasimama kando ya barabara juani, magari makubwa yanapita yanatutikisa, na Folake amekumbatia sanduku asije akaliacha ndani ya gari likaungua.

Lori dogo la mizigo likasimama mbele yetu. Akashuka kijana mnene, rozari shingoni, akatazama buibui langu, akatazama sanduku, kisha akasema, "Shikamoo mama. Munatoka wapi?"

Wallahi nilitaka kumbusu. "Marahaba, mwanangu! Umejuaje kuwa nasema Kiswahili?"

"Nimesikia unalaani tairi."

Alikuwa anaitwa Deo, Mrundi, aliyekulia kambini Kigoma na sasa anapeleka mizigo ya ghala moja kutoka Fort Worth hadi Houston. Akatutangulia polepole, sisi tukimfuata kwa kujikokota taa zinawaka, mpaka kwa fundi wa matairi pembeni mwa mji.

Corsicana: mkono uliotangulia akili

Tairi la saizi yetu halikuwepo. Fundi akatuma liletwe, akasema saa mbili. Palikuwa na chumba cha kungojea chenye meza safi, feni na viti vya plastiki. Nikasema, Mungu hamwachi mja wake. Nikatandika kanga mezani, nikamwaga shanga, nikaanza kuzipanga kwa rangi kwa kufuata uzi wa jirani: buluu kumi, nyekundu mbili, buluu kumi, nyeupe moja. Kila uzi ulipungua chembe mbili tatu zilizobaki chini ya kabati la Folake.

"Huna shanga nyingine, Auntie?" akaniuliza. "Siku moja kazini nilisikia zikilia ulipoinama."

"Ninazo. Lakini hizo haziwezi kwenda usoni mwa mtu."

Alichukua dakika nzima kuelewa, kisha akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Upungufu niliuficha juu kabisa, panapoingia ukingoni.

Deo alikuwa na saa yake ya mapumziko. Akaleta bakuli la maharage na ndizi lililopikwa na mkewe, Folake akafungua moi-moi zake, mkate wa kunde uliopikwa kwa mvuke, mwekundu kwa pilipili. Tulikula kwa mikono. Deo akauliza ndani ya sanduku mna nini, nami nikamweleza. Nilitegemea atacheka. Badala yake alisimama, akageuza kiti chake, akakaa ametupa mgongo.

"Mbona hivyo?" nikamwuliza.

"Kwetu kulikuwa na ngoma ya mwami, mfalme wetu," akasema akiutazama ukuta. "Babu yangu alisema si kila jicho liliruhusiwa kuifikia. Mambo ya wafalme mimi nayaachia wenyewe, mama. Endelea na kazi."

Nikaendelea. Mkono wa kushoto ndani ya taji, wa kulia nje, macho nimeyaelekeza kwenye tangazo la betri. Kushona bila ya kuona ndani ni kama kupika bila ya kuonja. Lakini kidole kina akili yake, kikazoea. Uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Deo akaaga akaondoka na baraka zangu. Folake akatoka nje kuzungumza na mamake mdogo kwenye simu, kumwambia tairi lilipasuka na kutomwambia lile jingine. Nikafunga fundo la uzi wa tano, nikakata kwa meno, nikasema alhamdulillahi.

Halafu nikaligeuza.

Sikukusudia. Naapa. Miaka thelathini nikikata uzi wa mwisho naigeuza kofia nitazame ndani, mkono haukuniuliza. Akili ilipowahi kusema "wewe!" macho yalikuwa yameshafika. Na nikisema nilifumba papo hapo nitakuwa mwongo. Kwanza nilitazama mafundo yangu, yamelala sawa? Yamelala. Halafu, kwa kuwa nilishatazama, nikatazama na mengine. Kadiri ya mtu kusoma sura fupi ya Kulhuwallahu mara tatu.

Nikasikia kopo likianguka. Folake alikuwa mlangoni, soda inamwagika miguuni mwake.

Huntsville: jicho

Maili sitini Folake alinitupia jicho kwenye kioo tu. Nami mzungumzaji hivi, nilijikuta nahesabu ng'ombe. Mwishowe akasema, "Unaona?"

"Naona. Naona waendesha maili tisini. Punguza."

"Auntie, tafadhali usimwambie mtu. Taji limeshatengenezwa. Tukabidhi, tunyamaze."

"Folake, mie kofia nikiitia dosari humwambia mwenyewe kabla hajaivaa. Sijaanza kuficha kwa wateja, nianze kwa wafalme?"

"Ukisema umetazama, atakuuliza ulikuwa unashona nini. Utakuwa umenitaja mimi."

Hapo alinibana. Siri yangu ilikuwa yangu, nayo ya kwake ilikuwa ya kwake, lakini zilishonwa kwa uzi mmoja. Ukivuta moja, ya pili inakuja. Nikamwambia nitafikiri. Kweli nilifikiri. Niliogopa pia, tusidanganyane. Mie Mwislamu, najua nafuu na dhara ni kwa Mungu, lakini kitu cha watu ni kitu cha watu, nao wana sababu zao.

Tulisimama Huntsville kujaza mafuta, na nikiwa najifuta jasho jicho la kulia likaanza kuwaka. Kuwaka hasa. Machozi pwaa. La kushoto nalo likafuata.

"Folake," nikasema, "sioni."

Alipiga ukelele watu wote wa kituo wakageuka. Alinishika mabega akaanza kuomba kwa Kiyoruba na Kiingereza na jina la Yesu, nami nasoma kila sura niliyofunzwa chuoni, yaani madrasa. Mama mmoja wa Kizungu akaja na chupa ya maji, akaninawisha. Polepole dunia ikarudi. Nikanusa vidole vyangu. Pilipili! Moi-moi ya Folake, niliyoila kwa mkono, kisha nikafutia jasho.

"Chakula chako ndicho kitakachonipofusha, si taji lenu!" nikamfokea pale pale kwenye pampu.

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini kicheko kilipoisha, jambo letu lilikuwa palepale.

Pearland: mtu chini ya jua

Folake alikuwa amepewa anwani ya Pearland, kwa muuguzi mmoja wa mji wao. Tulipoingia na gari mbele ya nyumba, mwanamume aliyevaa nguo za hospitali akatoka nyumbani, akaona Folake akishuka na sanduku jeupe, na papo hapo akaanguka kifudifudi kwenye saruji, urefu wake wote.

Joto lile, jamani! Nikajua jua limempiga. Nikachomoa chupa yangu ya maji, nikammwagia kichwani yote, nikaanza kumpepea kwa kanga.

"Auntie, acha! Anasalimu!"

Kumbe kwao wanaume huwasalimu wakubwa hivyo, na taji likipita ni kama mfalme amepita. Bwana wa watu akainuka, maji yanamtona kwenye masikio, akasema kwa upole, "Asante, mama. Lilikuwa joto kweli." Hakuna aibu nyingine nitakayoipata ikaishinda hiyo.

Akatwambia mfalme amehamishiwa Missouri City, kwa kuwa magari ya wageni yalijaza mtaa na majirani wakaanza kunung'unika. Akatufungia wali mwekundu wa njiani, tukaingia kwenye foleni ya Ijumaa.

Missouri City: vidole vya Olori

Nilikuwa nimejitengenezea akilini malkia mrefu mwenye sauti nzito. Aliyefungua mlango alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, miwani imeteleza puani, marijani nyekundu shingoni na mkononi, unga wa kukaangia kwenye vidole. Huyo ndiye Olori, mke wa mfalme. Folake akapiga magoti. Mie nilisimama sijui nifanye nini, maana magoti yangu yana mwenyewe, naye ni Mungu. Akanitazama mtandio akasema, "Assalaamu alaikum."

"Wa alaikumu salaam," nikajibu, mdomo wazi. Kumbe Waislamu wenzetu, yeye na mumewe, naye Hajjati! Jioni yote nilikuwa nimeogopa mambo ya kigeni, na mfalme mwenyewe alikuwa chumba cha pili akiswali magharibi.

Olori akanawa mikono, akatuingiza chumbani, akakaa kitandani na taji magotini. Akageuza uso akatazama ukutani, akatia mkono ndani. Taratibu. Vidole vyake vilipita ukingoni kama mtu anayehesabu tasbihi. Vidole vikafika mbele, vikasimama, vikarudi nyuma, vikasimama tena.

"Hapa kuna mkono mgeni," akasema.

Folake aliinamisha kichwa. Nikaona hapana budi, lakini nitasema langu tu. "Ni mie, Hajjati. Mie hushona kofia. Nimeshona hapo, na nilipomaliza nimetazama ndani. Sikukusudia, mkono umezoea. Lakini nilipokwisha kutazama sikuacha upesi. Nisamehe."

"Kwa nini palikuwa na cha kushona?"

Hapo mie nilifunga mdomo. Ningekatwa ulimi nisingesema. Jikoni mafuta yalikuwa yakichemka. Kisha Folake, bado kwenye magoti, akasema, "Liliniponyoka, Mama. Nyuzi tano. Sikuwa na ujasiri wa kukuambia." Akalia bila ya sauti.

Olori hakumjibu. Alinigeukia mimi. "Mwiko ni wa anayelivaa. Mume wangu asilitazame ndani mpaka afe, na mimi humvika nikiwa nyuma yake. Lakini aliyelitengeneza unadhani alifumba macho? Kwetu sisi wengine ni adabu tu. Miaka kumi na minane nalishika, na sijatazama. Kwa adabu." Akainuka akafunga mlango, akarudi, akakaa karibu yangu mpaka mabega yakagusana. Sauti ikashuka.

"Ndani kuna nini?"

Mnaona? Hata yeye!

Nikamweleza kama fundi anavyoeleza. "Kuna mikono minne, Hajjati. Wa kwanza ni uzi wa kahawia, huo wa mtengenezaji, umetulia kote. Wa pili ni mweusi, nyuma, mtu mwenye haraka. Wa tatu uko mbele upande wa kushoto, mishono ya kulala, fundo mbili mbili, mtu aliyekuwa na hofu. Huo ni wa samawati. Wa nne ni mweupe, wangu."

"Samawati?"

"Samawati ya kung'aa. Ametengeneza nyuzi saba."

Alivua miwani. Nikadhani nimekosea pakubwa. Mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kikatoka chembamba, kikakua, akajiziba mdomo kwa mto mfalme asisikie. "Mama mkwe wangu!" akasema alipopata pumzi. "Alikuwa na kidonge kimoja cha uzi wa samawati, alishonea kila kitu. Shuka nyeupe, samawati. Suruali ya mumewe, samawati. Mji mzima ulimcheka. Na huyo ndiye aliyenifunza kulishika taji! Nilivunja sahani moja nilipoolewa, akaniambia mwaka mzima mikono yangu haifai, yeye hajapata kuangusha kitu. Amekufa na siri yake!"

Akamshika Folake kidevu, akamwinua uso. "Nyuzi saba, mtoto! Wewe tano tu."

Folake alicheka na kulia pamoja, akamwangukia mamake mdogo mapajani. Mie nami nilikuwa nalia, sijui kwa nini, labda pilipili.

Kileleni, ndani kabisa, kuna kitu kingine kilichoshonewa humo. Nilifungua mdomo nikieleze. Olori akainua kiganja. "Hicho kiache huko huko," akasema. Basi nimekiacha. Na nyinyi msinipigie simu kwa hicho.

Jumamosi: pazia

Alasiri ukumbi ulijaa. Sijapata kuona nguo kama zile: majoho mapana ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono, yakikunjwa mabegani kila hatua, wanawake na vilemba vinavyosimama vyenyewe, watoto wanaojibizana kwa Kiingereza cha Texas wakiwa na marijani shingoni. Nilikaa mbele, Folake kando yangu, kanishika mkono.

Mfalme akatoka kwa joho jeupe na viatu vya shanga, na mkia mweupe wa farasi mkononi. Alikuwa mzee mwembamba tu, wa kukutana naye dukani usimgeukie. Akakaa. Olori akapita nyuma yake, akainua taji kwa mikono miwili, macho yake kwenye kisogo cha mumewe, akamvika. Nyuzi zikashuka, zikacheza, zikatulia. Yule mzee hakuwepo tena. Ukumbi mzima ulishuka, wanaume kifudifudi, wanawake magotini, na safari hii sikummwagia mtu maji.

Nilihesabu kutoka kushoto. Zangu tano zilikuwemo, zinatikisika na wenzake. Alipopita mbele yangu akasimama. Sikuona uso. Kutoka nyuma ya shanga, sauti ya kawaida kabisa ikasema, "Mke wangu ameniambia wewe ni fundi. Allah akujaze kheri. Kazi yako ni nzuri?"

Aliniuliza kweli, kama mtu anayetaka kujua, kwa kuwa yeye hana njia ya kujua.

"Ni nzuri, Baba," nikamwambia. "Nimeitazama."

Olori, nyuma yake, aliangalia dari.

Haya, nimewaambia. Mji wa mfalme siwatajii, na majina mengine nimeyageuza. Kofia zangu zote, mvaaji huzigeuza ndani kwanza, ndipo asifu au agombe. Ile moja mvaaji wake hataigeuza maisha yake yote. Ndiyo niliyoifungia mafundo vizuri kuliko zote, na siku itakapomponyoka mwanamke mwingine, akaigeuza, atakuta uzi mweupe karibu na wa samawati, na atajua hakuanza yeye.